Bima Yetu Ni Ng'ombe

Usiniulize kama sisi watu wa Kiminini, hapa Trans Nzoia, tuna bima ya afya. Tunayo. Ina pembe mbili na hulala zizini.

Asiye na ng'ombe, bima yake ni robo ekari upande wa Sikhendu. Asiye na shamba, ni pikipiki ambayo hata mkopo wake haujaisha. Na asiye na lolote kati ya hayo, bima yake ni kikundi cha WhatsApp kinachofunguliwa saa tano usiku, chenye nambari ya M-Pesa ya mweka hazina na picha ya mgonjwa mwenye mipira puani, imebandikwa pale juu ili kila mtu amwonee huruma kulingana na mfuko wake.

Siwazungumzii wavivu. Siwazungumzii wanaokesha kwenye chang'aa. Nawazungumzia watu wa kazi. Mama anayeshusha kabeji sokoni kabla hakujapambazuka. Kijana wa boda anayegombania abiria wa matatu ya kwanza ya Kitale. Fundi wa mjengo, kinyozi, mpishi wa hoteli ya chapati na maharagwe, mwalimu wa shule ya kibinafsi anayelipwa karo zikiingia, kibarua anayepalilia mahindi ya mbegu ya mtu mwingine. Wanaamka mapema kuliko waziri. Wanalala wamechoka kuliko waziri. Na katika kila nyumba yao, ugonjwa mmoja unatosha kufuta jasho la miaka kumi.

Unajua ninachosema. Usijifanye mgeni.

Mtoto akianza kuhema usiku, baba hatafuti kadi. Anatazama zizi. Kufikia asubuhi dalali amefika langoni, maana habari za shida humfikia dalali kabla ya jirani. Ng'ombe wa elfu hamsini anaondoka kwa elfu thelathini. Kwa nini? Kwa sababu mwenye mgonjwa habishani bei. Atabisha vipi na kule hospitalini ameambiwa atangulize pesa? Mkono mtupu haulambwi.

Mtoto akipona, tunashukuru Mungu na kusahau. Lakini maziwa yamekwenda. Maziwa yalikuwa karo. Muhula unaofuata dada yake mkubwa anabaki nyumbani "kwa muda", na wewe unaujua muda huo unavyokwisha: kwa tumbo, au kwa kazi ya ndani Eldoret. Ugonjwa wa mtoto mmoja umekula watoto wawili.

Sasa niambie, nyumba hiyo haikuwa na pesa za bima? Ilikuwa na elfu hamsini zikitembea kwa miguu minne!

Sisi hulipa, ndugu yangu. Tusidanganyane kwamba hatulipi. Tunalipa kuliko wenye kadi. Tunalipa tukiwa tumechelewa, kwa bei ya dalali, kwa riba ya shailoki, kwa shamba la babu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kuwa takriban Mkenya mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyekuwa na bima yoyote ya afya. Hao watatu waliobaki hawakuwa wakitibiwa na upepo. Waliuza vitu.

Hebu tupige hesabu, maana watu wa Nairobi hupenda kutwambia kwamba shida yetu ni ujinga.

Chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, ile hazina ya zamani ya bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara wa kuandikiwa hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Hizo ni 3,600 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365. Haifiki shilingi kumi kwa siku. Mtu wa ofisini akisikia hivyo hutikisa kichwa: kumbe hawa watu wanakufa kwa ajili ya shilingi kumi!

Ngoja kidogo, bwana mkubwa.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 mwezi baada ya mwezi, kabla hata hajaiona pesa. Na mama mboga? Anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye kipato cha uhakika analipa kidogo kidogo. Mwenye kipato cha leo kipo kesho hakipo, huyo ndiye anayeambiwa alete yote pamoja. Nani aliketi akapanga mpango huu? Aliwahi kuuza sukuma wiki siku moja maishani mwake? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Shilingi kumi kwa siku tunayo. Mungu shahidi, tunayo. Hata kijana wa boda aliyeshinda stendi bila bahati haikosi. Elfu tatu na mia sita kwa siku moja, hatuna. Tuzipate lini? Januari kuna karo na sare. Machi tunalima, kuna trekta, mbegu na mbolea. Kuanzia Mei hadi Agosti tunasubiri mahindi tukila ya kununua, watu wa Trans Nzoia, watu wa ghala la taifa, tunanunua unga wa paketi! Mahindi yakianza kutoka mwezi wa Oktoba, nusu yake yana wenyewe: yule wa mkopo, yule wa trekta, yule wa duka. Ni mwezi gani hapo ambapo elfu tatu na mia sita zitalala ndani ya nyumba bila kazi?

Na hiyo ni kwa aliyepimwa akaonekana maskini kabisa. Unapojiandikisha unaulizwa paa lako ni la nini, ukuta wako wa nini, choo chako cha aina gani, unapikia nini, una mifugo mingapi. Kisha mtambo unakutajia bei yako. Yale mabati uliyoyaezeka kwa pesa za chama, ukijinyima kwa miaka mitatu, leo yanakusingizia utajiri. Ng'ombe yule yule uliyemweka kwa ajili ya ugonjwa anahesabiwa kuwa ushahidi kwamba huumwi vya kutosha.

Mwaka 2025 wakubwa wa SHA waligundua kuwa watu hawalipi. Wakafanya nini? Wakaleta Lipa SHA Pole Pole: ukopeshwe ada ya mwaka, uirudishe kidogo kidogo. Yaani dawa ya mtu asiye na pesa ni deni jingine! Kwani ni nani Kiminini hana deni? Mkopo wa simu wa Fuliza uko pale, chama kiko pale, duka liko pale. Mngeshindwaje kupokea tu ile shilingi kumi ilivyo, kila jioni, kwa simu ile ile ambayo kampuni za kamari hupokelea shilingi kumi za vijana wetu mchana na usiku? Kampuni ya kamari imemfikia mtu wa boda. Serikali haimfikii.

Utaniambia zahanati ni bure. Najua. Sheria inasema huduma za zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na hazina ya afya ya msingi, bora uwe umejiandikisha. Vizuri sana. Mara ngapi umekwenda ukapimwa, ukaandikiwa karatasi, kisha ukaambiwa dawa ukanunue nje? Ushauri ni bure. Dawa iko ng'ambo ya barabara. Na ugonjwa unaomaliza familia si homa ya zahanati. Ni figo. Ni saratani. Ni mguu uliosagwa na lori barabara ya Webuye. Ni mama aliyeshindwa kujifungua. Hayo yote yako ngazi ya juu, na ngazi ya juu swali ni moja tu: umelipa?

Hapo ndipo watu wetu hufa kabla ya kufa. Mzee ana presha. Anajua ana presha; alipimwa bure siku ya mkutano wa kanisa. Lakini vidonge ni vya kila mwezi, na kila mwezi kuna jambo jingine lenye kelele zaidi. Anameza vya wiki mbili, anaruka wiki tatu. Mkewe ana uvimbe kwenye titi na amenyamaza nao tangu msimu wa kupanda, kwa sababu anajua akiutaja, shamba litauzwa. Fikiria hilo. Mwanamke anapima titi lake kwa mizani moja na shamba la watoto wake, na anachagua shamba! Anapofikishwa Eldoret, Hospitali ya Moi, ugonjwa umeshatembea. Daktari anasema mbona mmechelewa. Mbona tumechelewa? Fimbo ya mbali haiui nyoka, daktari, na ya karibu hatukuwa na nauli ya kuiokotea.

Shamba huuzwa hata hivyo. Huuzwa kulipia bili ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Na kuna nyakati ambapo hata mtu mwenyewe hugeuzwa rehani. Mnamo Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa bili, kulivunja haki zao. Miaka imepita. Wewe mwenyewe, mara ya mwisho kuchangia mtu "atolewe" hospitalini ilikuwa lini? Hatukusema atibiwe. Tulisema atolewe. Mtu amepona, ana nguo zake begani, na bado yuko ndani kwa sababu ya pesa.

Bungoma hapa karibu tunayo kesi ya kwetu. Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Agosti mwaka huo huo, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya kaunti ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Dawa ya kuanzisha uchungu alikuwa ametakiwa ajinunulie. Ilichukua hadi Machi 2018 mahakama kuamua kwamba haki zake zilikanyagwa na kuagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Nasema hivi ili mtu asije akanipigia ngoma ya tangazo. Matangazo tumeyala tukashiba. Ahadi ni deni, na sisi ndio tunaodaiwa badala ya kudai.

Ahadi yenyewe ni ya kale. Tulipopata uhuru tuliambiwa maadui ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 ada ya mgonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani ikaondolewa. Mwaka 1966 ikaja NHIF, nayo ikaanzia kwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu. Angalia hapo. Tangu siku ya kwanza bima ilimtazama mwenye mshahara. Mwenye jembe aliachiwa Mungu. Mwaka 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje, tukarudishiwa ada na kuambiwa ni kugawana gharama. Tugawane na nani? Mwaka 2004 waziri Charity Ngilu alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote. Bunge likaupitisha. Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Wanasema pesa hazikuwepo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, anaendesha boda Kiminini, na hana bima.

Kisha zikaja sheria za afya za 2023, na SHA yenyewe mwaka uliofuata. NHIF ilipozikwa iliacha deni la takriban shilingi bilioni 30 kwa hospitali. Mnadhani deni hilo linamuuma nani? Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya chama cha RUPHA zilitangaza kuwa hazitibu tena kwa SHA, wagonjwa walete pesa taslimu. Hata aliyejinyima akalipa mwaka mzima alifika mlangoni akakuta kadi yake imegeuka karatasi. Mwezi uliofuata, ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ikafichua kwamba mtambo wa SHA unaogharimu shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali. Bilioni mia moja na nne! Na ulipofika mwezi wa Agosti, waziri Aden Duale akawa anafungia hospitali zilizodai malipo ya wagonjwa hewa.

Kwa hiyo nchini mwetu kuna wagonjwa wasiokuwepo ambao wametibiwa, na kuna wagonjwa waliopo ambao hawajatibiwa. Nani atatueleza hesabu hiyo?

Najua kuna msomaji anayeguna: mimi nina mwajiri, hayo hayanihusu. Yanakuhusu. Katika ushuru wa nyumba, wewe hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri wako huongeza 1.5 yake. Katika bima ya afya hukatwa 2.75 peke yako. Mwajiri hatoi hata ndururu. Serikali iliona kwamba tajiri anaweza kuchangia matofali. Mapafu ya mfanyakazi, hapana.

Na mshahara nao ni wa kutegemewa? Nenda Webuye uwaulize wazee wa kiwanda cha karatasi cha Panpaper. Kiwanda kiliposimama mwaka 2009, hati ya mshahara ilisimama na kadi ya hospitali ikasimama nayo. Waulize wa Nzoia Sugar walioishi miezi na miezi bila malipo: pasipo na mshahara unakatwa nini? Umbali kati ya mwenye kadi na mwenye ng'ombe ni notisi moja ya kufungwa kwa kiwanda.

Turudi kwa kibarua, maana huyu ndiye anayenikosesha usingizi. Trans Nzoia nzima imekaa mgongoni mwake. Mbegu inayopandwa nchi nzima, ile ya Kitale, inapitia vidole vyake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 34, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake anapata dawa akiugua, na ikiwezekana atibiwe ugonjwa ukizidi. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi, huyo si kibarua tena. Ana haki za mwajiriwa. Umewahi kuvisikia vifungu hivi vikisomwa shambani? Nyapara amewahi kuvitaja? Kibarua wetu hulipwa Jumamosi na Jumatatu anaandikwa upya, hata awe ana miaka minane pale pale. Akikatwa na panga anapewa kitambaa na ruhusa ya kwenda nyumbani bila malipo. Na afisa wa leba ofisi yake iko Kitale, tena si mbali.

Kitale tuna hospitali kubwa yenye jina la Wamalwa Kijana. Michael Wamalwa Kijana alikuwa mbunge wa Saboti na Makamu wa Rais. Alifariki Agosti 2003 akitibiwa katika Hospitali ya Royal Free, London. Simlaumu marehemu. Mgonjwa huenda anakoweza kupona, na angekuwa babangu ningempeleka huko huko. Lakini miaka ishirini na zaidi baadaye, wakubwa wetu bado wakiumwa wanapanda ndege, na sisi bado tukiumwa tunatafuta dalali. Jina lililoandikwa ukutani halimtibu mtu.

Sasa nikugeukie wewe. Ndiyo, wewe mwenzangu, usitazame nyuma.

Tuna ugonjwa wetu wenyewe ambao hakuna hospitali inayoutibu. Sisi huchanga vizuri mtu akishakufa. Mgonjwa aliomba elfu nne za kipimo, kikundi kikanyamaza. Watu wakasoma ujumbe na kupita. Alipofariki, kufikia jioni kulikuwa na kamati, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, hema tatu, viti mia nne, kipaza sauti, fahali wa kuchinja, na fulana zenye uso wake. Uso ule ule ambao hamkutaka kuuona ukiwa hai kitandani! Kamati ya matanga hatujawahi kukosa. Kamati ya uhai iko wapi?

Halafu tunasimama kwenye kaburi kusifu umoja wetu. Umoja gani? Mchango wa matibabu tumeufanya sifa wakati ni aibu ya serikali iliyokimbia kazi yake. Kila harambee ya hospitali ni risiti kwamba kodi yako ilikwenda mahali pengine. Tumekuwa wakarimu kiasi kwamba hakuna anayeulizwa kitu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na wewe unayesema "mimi ni mzima, ya nini kulipa"? Na yule anayelala na simu yake mwaka mzima, akianguka ndiyo jamaa wanakimbia kumlipia SHA kitandani? Mfuko gani utasimama ikiwa wanaouchangia ni wagonjwa peke yao? Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na sisi tumeanza kujenga ukuta kwa mifupa.

Lakini sitakubali mzigo wote uwekwe mgongoni mwako, maana hilo ndilo wanalolitaka. Mahali pengine watu waliliona jambo hili na kulitatua. Ghana walipounda bima yao mwaka 2003 walitenga asilimia 2.5 ya ushuru wa bidhaa iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa afya, ili hata anayenunua soda awe amechangia. Thailand, mwaka 2002, waliacha kumfukuza mkulima na mchuuzi wakidai ada. Serikali ikawalipia kwa kodi, na mgonjwa akawa anatoa baht 30 tu akifika hospitalini. Rwanda, jirani yetu ambaye si tajiri kutushinda, mfuko wao wa jamii ulishuka hadi kijijini ukawafikia walio wengi. Hakuna kati yao aliyeanza na mtambo wa bilioni 104.

Na sisi? Mwaka 2001 marais wa Afrika waliketi Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Kenya haijafika. Mwaka 2025 serikali yetu ilisema itawalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza. Vizuri, nashukuru. Lakini zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi nchini wako nje ya ajira rasmi. Wengi wao si wa kuhesabiwa ombaomba na si wa kukatwa mshahara. Wako katikati, na katikati hakuna mlango.

Mlango huo si muujiza. Acheni shilingi kumi ya boda iingie kila siku bila kugeuzwa mkopo. Mkulima alipe mahindi yakitoka, asidaiwe wakati wa kupalilia. Chama cha akina mama wa soko kiruhusiwe kuwalipia wanachama kwa pamoja, maana hakuna mtoza ushuru aliyewahi kukusanya pesa Kiminini kwa uaminifu kuliko wao. Mwenye shamba amchangie kibarua wake sawa na anavyochangia matofali ya nyumba. Na zahanati iwe na dawa! Zahanati isiyo na dawa ni kibanda cha kupigia gumzo.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na kabla yake kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Vinatangazwa. Safari iliyopita ulikuwa wapi? Ukumbi ulikuwa na maafisa, chupa za maji, na wale wachache wanaokuja kwa sababu ya nauli. Wakaandika kwamba wananchi walishauriwa. Walioshauriwa ni viti.

Agosti 2027 tunapiga kura. Kabla ya hapo watakuja. Mbunge wako atakuja hata kwenye mchango wako wa hospitali, gari likiwa linanguruma nje, na bahasha mkononi, na mpiga picha wake. Bahasha ichukue. Mgonjwa anaihitaji, na pesa zenyewe ni zako. Lakini kabla hajaketi, shika kipaza sauti, mbele ya mpiga picha yule yule, umuulize mheshimiwa bima yake ya Bunge hulipia kiasi gani akilazwa. Jibu ni hadi shilingi milioni 10 kwa mwaka, na familia yake imo. Muulize inalipwa na nani. Jibu ni ushuru wa petroli unayotia kwenye pikipiki na wa sabuni unayofulia sare za watoto.

Kisha muulize: mama aliyesimama hapo mlangoni na beseni la nyanya, anayelipa ushuru huo kila siku, amezuiwa na sheria gani kulipia bima yake shilingi kumi kwa siku.

Akisema "tutaliangalia", usipige makofi. Muulize tena.